Mbao za Kuazima Katika Nchi ya Theluji

Msomaji wangu, leo nakuomba tutoke kidogo katika joto la kwetu, tuingie katika nchi ambayo maji ya ziwa hugeuka mawe na watu wakatembea juu yake. Si kwamba nimechoka na habari za pwani, la hasha. Ni kwamba Januari 2024 nilikwenda Oslo, mji mkuu wa Norwe, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko, na nikaona jambo moja la watoto ambalo tangu nirudi halijanitoka kichwani.

Jumamosi yangu ya kwanza tulipanda treni ya mjini, mimi, binti yangu na mjukuu wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 6. Nimevaa kanzu, juu yake makoti mawili, na kofia ya sufu juu ya kofia yangu ya viua. Kituo baada ya kituo waliingia watu wenye mbao ndefu nyembamba mabegani. Kina mama, wazee wenye mvi, vijana, hata mtoto wa miaka kama mitatu naye ana zake mbili fupi kama rula. Nikamwuliza binti yangu, "Hawa wote ni maseremala?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaniambia hizo ni skii, mbao za kutelezea juu ya theluji, na kila mwisho wa wiki mji mzima huhamia msituni nazo.

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mtoto mwenye mbao fupi, wala hakuondoa macho mpaka tukashuka.

Tulipofika nyumbani binti yangu alinionyesha barua ya shule. Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya skii ya darasa la kwanza. Kila mtoto aje na skii zake, na asiye nazo aje na kigari cha plastiki cha kuserereka.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwaka jana alipokuwa chekechea ilikuwa hivi hivi. Nikapiga simu nikasema mtoto ana homa."

"Alikuwa nayo?"

"Hakuwa nayo."

Sikumlaumu, kwani homa hiyo naijua. Nilipokuwa darasa la nne hapa Mombasa, mwalimu wetu wa michezo alitangaza kwamba asiye na raba nyeupe asije siku ya mashindano. Kwetu tulikuwa watoto saba, na raba nyeupe haikuwa katika hesabu za marehemu baba. Siku ile nikalala kitandani nikajifunika gubigubi nikasema naumwa. Mama akaja, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akajua. Hakusema neno. Alirudi na kikombe cha uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza. Mpaka leo nikiona raba nyeupe hukumbuka kitanda kile.

Basi nikamwambia binti yangu, "Mwaka huu hapana homa. Tuzitafute hizo mbao."

Lakini kwanza nilitaka kujua ni kitu gani hiki kinachowafanya watu wazima wabebe mbao kwenye treni. Jumapili tulipanda njia ileile ya treni inayopanda mlimani, tukateremka Holmenkollen, penye ngazi kubwa ya kurukia skii inayoonekana kutoka mjini. Hapo pana jumba la makumbusho ya skii lililofunguliwa mwaka 1923, la kwanza la namna yake duniani.

Jina lenyewe, skii, katika lugha ya kale ya watu wa kaskazini lilikuwa na maana ya kipande cha ubao uliopasuliwa. Si kitu cha kiwandani. Ni gogo na shoka. Watu hawa walitelezea mbao maelfu ya miaka iliyopita kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kwenda kuwinda au kumzuru jirani wakati theluji imefika kiunoni. Ilikuwa kwao kama mtumbwi ulivyo kwa mtu wa kisiwani.

Wana kisa chao kikubwa cha mwaka 1206, ambacho kila mtoto wa Norwe hukijua. Wakati huo nchi ilikuwa na vita vya kugombea ufalme. Kulikuwa na mtoto wa kifalme, Håkon Håkonsson, mwenye umri usiozidi miaka miwili, na maadui walimtafuta wamwue. Askari wawili wa upande wake walimchukua wakavuka naye milima kwa skii katikati ya dhoruba ya theluji, mpaka akasalimika, na baadaye akawa mfalme. Askari hao waliitwa Birkebeiner, maana yake ni wenye miguu ya gome la mti, kwa sababu walikuwa mafukara na hufunga magome ya mti miguuni badala ya viatu. Mpaka leo hufanywa mbio za kilomita 54 kukumbuka safari ile, na kila mshindani hubeba mzigo wa kilo tatu na nusu mgongoni, ndio mfano wa yule mtoto.

Na aliyeufanya mchezo huu uwe kama tunavyouona leo alikuwa fukara pia. Jina lake Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka 1825 katika kijiji cha Morgedal, mkoa wa Telemark. Alikuwa mkulima asiye na ardhi yake mwenyewe. Skii zake alizichonga kwa mkono wake. Wakati ule watu walifunga ncha ya kiatu tu, kwa hiyo mbao zilichomoka kila wakijaribu kuruka au kupinda. Yeye akasokota vijiti laini vya miti, akavipitisha nyuma ya kisigino, na kiatu kikashikamana na ubao. Mwaka 1868 alikwenda mji mkuu, ambao wakati ule uliitwa Christiania, akawashinda watu wa mjini naye ana umri wa zaidi ya miaka 40. Sifa alipata, mali hakupata. Mwaka 1884 alihamia Marekani na jamaa zake, akafa huko North Dakota mwaka 1897.

Nilitoka katika jumba lile nikiwa nimepata hoja yangu. Kama aliyeutengeneza mchezo huu hakuwa na shamba, mjukuu wangu atakosaje kuucheza kwa sababu mama yake hana pesa za kwenda dukani?

Waama, dukani tulikwenda, na tukatoka mbio. Mbao, vifungio vyake, viatu, fimbo mbili na helmeti, jumla yake ni maelfu ya krona, na mguu wa mtoto haungoji. Viatu vya baridi hii havimwingii baridi ijayo. Isitoshe, huko mabondeni theluji yenyewe siku hizi haikai muda mrefu kama zamani, kwani dunia inazidi joto. Mtu anaweza kununua mbao mpya akazitumia siku chache, kisha zikamkaa ukutani.

Hapa, msomaji, ndipo yafaa nikueleze kwamba skii ni za namna mbili kubwa. Ipo ya njia za tambarare na vilima vidogo, ambayo mtu husukuma miguu yake akapita msituni, kisigino huru. Na ipo ya kuteremka mlima, ambayo kiatu ni kigumu kama kasha na kisigino kimefungwa. Hii ya pili ndiyo yenye gharama, kwani juu ya vyombo yenyewe hutaka ulipie lifti ya kukupandisha mlimani. Ile ya kwanza haina kiingilio. Norwe ina sheria tangu mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita katika misitu na milima, na njia za skii kuzunguka Oslo hutengenezwa kwa mashine na nyingine huwekewa taa, wala hapana anayesimama kukukatia tiketi. Kwa hiyo mzazi mwenye mfuko mwembamba huanza na tambarare. Na hata mwenye mfuko mnene hufaidika kuanza hapo, kwa sababu mtoto hujifunza kusimama kabla hajajifunza kukimbia.

Vyombo tulivipata kwa kuazima. Liko shirika huko liitwalo BUA, lisilotafuta faida, ambalo limeweka vituo katika miji na vijiji vingi vya Norwe kwa ajili ya kuwaazima watoto na vijana vyombo vya michezo. Skii, viatu vya kutelezea kwenye barafu, mbao za theluji, helmeti, hata mahema ya kiangazi. Unajiandikisha, unachukua, kwa kawaida kwa muda wa wiki moja hivi, kisha unarudisha. Hapana malipo. Na lililonipendeza kuliko yote ni kwamba ni bure kwa kila mtu, tajiri na maskini. Binti yangu hakuulizwa mshahara wake wala wa mumewe. Mbele yetu kwenye foleni alisimama mtu aliyeshuka katika motokaa ya fahari, naye aliazima kama sisi.

Nilipoziona zile rafu nilikumbuka chuoni kwetu, kwa mwalimu wangu wa kwanza. Juzuu niliyoanzia kusoma ilikuwa imekwisha kusomewa na kaka zangu watatu, kurasa zake zimeota rangi ya chai, na baada yangu akaipokea ndugu yangu mdogo. Hakuna aliyeona aibu kusomea juzuu kuukuu. Elimu haikupungua kwa sababu ya jalada.

Kijana wa kituo kile alikuwa fundi wa kazi yake, na mafunzo yake nayaandika hapa, kwani najua baadhi ya wasomaji wangu wana watoto na wajukuu katika nchi za baridi.

Mbao za mtoto anayeanza njia za tambarare ziwe sawa na kimo chake, au zikizidi zizidi kidogo tu, upana wa kiganja hivi. Wazazi hupenda kuchukua ndefu ili mtoto azikulie, na hilo ndilo kosa la kwanza, kwani mbao ndefu humshinda akachukia mchezo. Chini ya mbao za watoto mara nyingi pana michongo kama magamba ya samaki. Ukiusukuma ubao mbele wateleza, ukirudi nyuma magamba yashika, kwa hiyo mtoto hapandi kilima akarudi kinyumenyume. Mbao za kuteremka mlima zapasa kuwa fupi zaidi, ncha yake ifike baina ya kidevu na pua.

Viatu viwe na nafasi ya vidole kuchezacheza ndani ya soksi moja nzuri ya sufu. Soksi mbili tatu zikibanana damu haipiti vizuri, na mguu huzidi kuganda. Kwa skii za mlima, kifungio lazima kirekebishwe na mtu ajuaye, kwa kuangalia uzito wa mtoto, kimo chake na soli ya kiatu, ili akianguka kifunguke kabla mguu haujavunjika. Jambo hilo mzazi asilifanye kwa kukisia. Na helmeti ya mitumba usiinunue usipojua historia yake, maana iliyopata kugongwa kwa nguvu huenda isimlinde mwingine, hata kama nje haionyeshi ufa.

Nguo nazo zina elimu yake. Wenyeji wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Inayogusa ngozi iwe ya sufu, wala isiwe ya pamba, kwani pamba ikinywa jasho hukaa nalo likampoza mtoto. Juu yake nguo nyingine ya joto, kisha ya kuzuia upepo. Glavu ziwe za mfuko mmoja wa vidole vyote, ili vidole vipashane joto. Skafu ndefu ziachwe nyumbani, zisije zikanasa kwenye lifti, badala yake huvaliwa kitambaa cha duara shingoni. Vitu hivi binti yangu alivipata kwa bei nafuu katika duka la mitumba. Na mwenye kupanga mapema hungoja majira ya kupukutika majani, ambapo bendi za muziki za shule hufanya masoko ya vitu vikuukuu, na katika mitaa wazazi hukutana kubadilishana mbao, mwenye ndogo akampa mwenye mtoto mdogo, naye akachukua kubwa.

Jumatatu baada ya masomo tulichukua treni mpaka mwisho wa njia, mahali paitwapo Sognsvann, penye ziwa lililoganda na taa kandokando ya njia. Baridi ilikuwa digrii 10 chini ya sufuri. Wakati ule wa mwaka Maghribi huko huingia saa kumi na kitu, basi tulifika mbingu zimekwisha kubadilika rangi, tukasali pembeni, mkeka juu ya theluji. Nilipoinuka kusujudu paji langu lilikuwa limekufa ganzi.

Yule kijana alikuwa ametuambia tuache fimbo nyumbani. Mtoto mwenye fimbo huziegemea kama mzee mwenye bakora, na miguu yake isijifunze kazi. Tulianza na ubao mmoja tu, mguu mwingine ukisukuma, kama watoto wa kwetu wanavyoendesha skuta. Kisha mguu wa pili ukafungwa. Mjukuu wangu akasimama, akanitazama, akasema, "Babu, miguu yangu yaenda bila mimi." Na kweli ilikwenda. Akaanguka.

Nilihesabu mianguko 11, kisha nikaacha kuhesabu. Kuanguka kwenyewe kuna adabu zake. Mtoto hufundishwa aangukie ubavu, ajiviringishe mpaka mbao zilale sambamba, zikiukatiza mteremko, asimame kwa magoti kwanza. Mbao zikielekea chini ya kilima atajaribu kusimama nazo zitaondoka naye. Haya binti yangu aliyasoma, mimi niliyasikia, lakini hatukuweza kumwonyesha, kwa sababu sote wawili tulikuwa twashikana tusianguke.

Mwanafunzi wetu akaketi akalia. Alisema mbao ni mbovu, theluji ni mbovu, na Alhamisi ataumwa.

Mama mmoja asiyetujua, aliyekuwa akipita, akasimama. Hakutoa somo. Alivua glavu yake moja, akaitupa hatua tano mbele, akamwambia mtoto amletee. Mtoto akaichukua kwa kutambaa. Akaitupa tena, mbali kidogo. Mara ya tatu mjukuu wangu aliifuata kwa miguu, akitembea kama bata, na hakujua kwamba anatembea. Baada ya hapo yule mama akachora mstari kwa kisigino, akamfundisha kushindana naye kuteremka kijilima cha kimo cha meza, na akamwonyesha jinsi ya kufunga breki kwa kuzikutanisha ncha za mbele na kuzitanua za nyuma, mfano wa ncha ya plau. Kisha akavaa glavu yake akaenda zake. Nikatambua kwamba wenyeji hawawafundishi watoto kuteleza. Huwachezesha tu, na kuteleza kukaja kwenyewe.

Tulikaa dakika 40, hatukuzidisha. Mtoto huyu aliyekuwa akilia alikataa kuondoka, nasi tukamwondoa akali anataka, kwani mtoto aondoke na hamu asiondoke na uchovu. Kwenye benchi tulikula machungwa na chokoleti, maana huko safari ya skii bila vitu hivi viwili haihesabiwi kuwa safari.

Jumatano tulirudi kituoni, maana mjukuu wangu alikuwa ameona ubao mmoja mpana ambao mtu husimama juu yake kwa ubavu, miguu yote miwili imefungwa. Huo nao una kisa cha baba na watoto. Siku ya Krismasi mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, Michigan, Marekani, mtu aitwaye Sherman Poppen alitafuta cha kuwashughulisha binti zake nje ya nyumba. Akazichukua skii mbili, akaziunganisha ziwe ubao mmoja, watoto wakasimama juu yake wakateremka kilimani. Majirani wote wakautaka. Mkewe akaupa jina la Snurfer, ukauzwa kama mchezo wa watoto, na kutokana nao na majaribio ya wengine ukakua mchezo ambao mwaka 1998 uliingia katika Olimpiki. Asili yake, basi, ni mbao mbili za nyumbani na baba mwenye watoto wasiotulia.

Kijana wa kituo alimsukuma mjukuu wangu kidogo kwa nyuma, kwa ghafla. Mguu aliotanguliza ndio utakaokaa mbele kwenye ubao. Akapima ubao ufike baina ya kifua na kidevu. Akatushauri mtoto azoee skii kwanza, ambazo kila mguu una uhuru wake, na ubao aufanye wa kuchezea kwenye kilima kidogo. Naye aliuchezea kwa namna yake. Aliukalia kitako akashika kingo kwa mikono miwili, akateremka nao kama mtu wa mtumbwi. Hatukumkosoa.

Usiku wa kuamkia Alhamisi hakupata usingizi. Nikakaa kitandani kwake nikamsimulia habari za Wakenya wawili.

Wa kwanza Philip Boit, mtu wa Bonde la Ufa, mkimbiaji, ambaye alianza skii mwaka 1996 huko Ufini, naye ni mtu mzima wa miaka 20 na kitu. Miaka miwili baadaye alisimama Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki. Aliyeshinda ni Bjørn Dæhlie wa Norwe. Boit alikuja wa mwisho, dakika 20 nyuma yake. Lakini Dæhlie hakwenda kuchukua nishani yake. Alisimama mstarini akamngoja Mkenya mpaka akafika, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie.

Wa pili Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, hapa hapa pwani yetu. Alichukuliwa na mama yake kwenda Austria akiwa mtoto mdogo, akawekwa juu ya mbao utotoni, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, huko Korea ya Kusini. Aliteremka milima ambayo mtu mzima anayeanza leo hataisogelea. Samaki mkunje angali mbichi.

"Babu," akaniuliza, "yule wa mwisho alianguka?"

"Sijui mara ngapi," nikamjibu, "lakini alifika."

Asubuhi alikwenda na mbao begani, kama wale wa kwenye treni. Binti yangu alimfikisha shuleni, akamwuliza mwalimu kama mtoto akikosa mbao ingekuwaje. Mwalimu alishangaa. Akamwambia sheria yao yataka mafunzo ya shule ya msingi yawe bure, na safari za shule ni katika mafunzo, na kwamba kabatini wana jozi kadhaa za akiba. "Lakini wazazi hawaulizi," akasema. "Huniambia mtoto ana homa."

Alirudi saa tisa, mashavu mekundu, glavu moja imepotea, mdomo una chokoleti. Nilitaraji kusikia habari za kuteleza. Hakuzitaja. Alituambia kwamba yeye na rafiki yake mmoja walijenga pango la theluji, na kwamba rafiki huyo amemwalika kwao Jumamosi. Binti yangu alikwenda jikoni, akakaa huko kwa muda. Ni mwaka wake wa saba katika mji ule, na ulikuwa mwaliko wa kwanza.

Ijumaa baada ya sala tulizikausha mbao tukazirudisha. Kabla hatujatoka mlangoni, mtu mmoja wa Kisomali na binti yake mdogo walikuwa wamekwisha kuzipima, ncha ya ubao sawa na utosi wa mtoto.

Nimerudi nyumbani, na jioni hupita Ngazi za Leven, pale tulipofundishwa kuogelea na vijana wakubwa wa mtaa. Walitufunga madebe matupu kifuani, na madebe yale yalikuwa ya watu wote. Mwenye zamu huvaa, akijua humvulia mwingine. Wazee wetu hupokezana wasia unaonasibishwa kwa Sayyidna Omar, kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Leo katika mtaa wangu wapo watoto wanaoamka wakiitazama bahari na hawajui kuogelea. Wapo ambao baiskeli huiona ikipita. Na katika nyumba zetu, juu ya makabati, mipira, baiskeli za watoto waliokwisha kuoa, na majaketi ya kuelea yameshika vumbi. Hapana madrasa yetu isiyokuwa na chumba kimoja kidogo cha kuweka makorokoro. Chumba hicho chaweza kuwekwa rafu na daftari la kuazimia. Nimelisema hili kwa jirani zangu watatu, na mmoja amekwisha kuniletea baiskeli.

Ubeti huu nilimtumia mjukuu wangu, mama yake amsomee:

Ewe mjukuu wangu, uangukapo inuka,
Huu ni wasia wangu, hata nikishaondoka,
Vyombo ni vya walimwengu, vyaazimwa vyarudika,
Mlima ni wa Muungu, mwombe kisha teremka.